Wasioonja Sukari

Chungu kilipofunuliwa asubuhi ile ya Jumatatu, kilinuka harusi.

Navoneiwa alirudi nyuma hatua moja, mkono juu ya tumbo lake la miezi saba. Chungu cha kijiji cha Mferejini, kilimofugwa vijidudu visivyoonekana vya kuua viluwiluwi wa mbu, hakikutakiwa kunuka vizuri. Siku zote kikiwa kizima kilinuka mkojo wa mbuzi, harufu ya kuchoma pua na kutoa machozi, na waliopita nyuma ya jiko wakiisikia walisema, "Haya, tutalala salama." Leo kilinuka utamu. Kilinuka dengelua, ile pombe ya miwa ya kwao milimani, ya siku ya tatu, inayofanya wazee waimbe nyimbo za jando mbele ya wakwe zao.

Mama mkwe wake, Nakijwa, alitazama kwanza. Alikuwa mlezi wa chungu kwa miaka thelathini na minne, hadi mwezi uliopita alipomkabidhi mkwewe, na katika miaka hiyo alijifunza kwamba mdomo una haraka kuliko jicho. Alichukua kipande cha kitambaa kilichotiwa rangi ya choya, lile ua jekundu la kutengenezea juisi, akakichovya, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chungu kizima hugeuza wekundu wa choya ukawa kijani, kama jani changa la mgomba. Kitambaa kilibaki chekundu. Kilizidi hata wekundu wake wa kwanza.

"Kimechachuka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wenyewe hawamo tena humu."

"Ndiyo, mama," Navoneiwa alisema tena, na macho yake yakakimbilia nje, kwenye lile jiko la zamani la udongo ambalo sasa ni banda la kuku. Alikuwa ametoka huko kuokota mayai. Mtungi wa mlangoni ulijaa viluwiluwi wa mbu, wakijipindapinda kama punje za mchele zilizotiwa uhai. Ndoo ya kufulia vivyo hivyo. Ni karai la kuku peke yake, pale chini ya ukuta unaomomonyoka, lililokuwa na maji matulivu. Aliliona, lakini hakuliwazia. Mwenye siri kifuani hana nafasi ya kuwaza karai.

Maji yalikuwa yamefunguliwa mashambani Ijumaa. Eka mia nne za mpunga zililala chini ya maji, zinang'aa, na kila jani lililoinama lilikuwa na watoto wa mbu chini yake. Hesabu hiyo kila mwana wa Mferejini aliijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu: baada ya siku tisa wanatoa mabawa. Yaani Jumapili. Zamani kulikuwa na vidonge. Vidonge vikachoka, vikaja vingine, navyo vikachoka, na sasa ukienda zahanati na homa ya mbu unapewa maji, kitanda na pole. Mwaka juzi Navoneiwa alimzika dada yake Nambike, aliyekufa kwa homa hiyo huko alikoolewa, kusiko na chungu, akiwa na tumbo kama hili. Alizikwa nalo.

*

Kabla jua halijapanda sana, bajaji ya jua ya Kituo cha kudhibiti mbu ilisimama uani bila kelele. Jicho la mfereji, lile kopo la kioo linalohesabu viluwiluwi wanaopita na maji, lilikuwa limeshapeleka habari. Akashuka Afisa Mrindoko, kijana mwenye adabu na viatu vyenye tope, amebeba silinda ya kijivu ndefu kama mchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja na mgeni."

"Nimekuja naye." Akaisimamisha silinda mezani kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto wa mwenzake. "Anaitwa Namba Saba, kijidudu muuaji kama wenu. Huyu hataki chungu, hataki mlezi, hataki supu ya samaki. Anakula kila kitu: sukari, majani, matope. Mkimwaga mara moja, habari ya mbu imekwisha, mpaka wajukuu wa wajukuu."

"Na akishatoka humo, nani anashika kamba yake?" aliuliza Nakijwa.

"Hana kamba, mama."

"Na nyuki?"

Afisa alitazama viatu vyake. "Watoto wa nyuki nao wana matumbo, mama. Namba Saba hachagui tumbo."

Navoneiwa alijua. Alikwenda matangani Mkunguni, bonde la pili, walikomwaga Namba Saba miaka minne nyuma. Alikuta wanawake wamechutama kwenye mashamba ya maboga, kila mmoja na unyoya wa kuku mkononi, wakipapasa ua moja baada ya jingine, kufanya kazi ya nyuki. Dume, kisha jike. Dume, kisha jike. Tangu alfajiri hadi jua linachoma mgongo. Maboga yaliyopatikana yalikuwa ya kuhesabika, nao walimwambia kwamba wao hawajui tena mbu wanafananaje, na waliposema hivyo hawakuonekana kufurahi wala kuhuzunika, walionekana kuchoka tu.

"Sisemi mfungue, sisemi msifungue," alisema Mrindoko. "Nyinyi ndio wa mwisho upande huu wenye chungu. Silinda hufunguka kwa kidole gumba cha mlezi aliyeandikishwa. Si changu, wala si chako tena, mama. Jumatano saa sita mchana naondoka nayo kwenda kwingine, na kurudi kwangu ni baada ya mwezi."

Wote wawili wakamgeukia Navoneiwa. Akaficha kidole gumba ndani ya ngumi, kama mtoto.

*

Mchana ule alipeta mchele uleule mara tatu. Kidole kimoja, alijiambia. Nakigusisha pale, mlio unalia, basi. Mtoto anazaliwa, mimi naishi, na hakuna atakayeuliza tena chungu kilikufa kwa nini.

Nakijwa alikuwa kando yake, anachambua maharage ya makande, bila haraka, jiwe huku, punje kule.

"Mama," alisema Navoneiwa, "ni mimi."

"Mhm."

"Baridi ya kipupwe ilikizidi. Siku ya tatu tangu nikilishe kilikuwa bado kimetulia, hakina povu, hakina harufu. Kwetu pombe ikilala hivyo, bibi anaiamsha kwa maji ya miwa. Nikakamua miwa miwili. Nikasema nakisaidia."

Akangoja. Nakijwa alitupa jiwe moja, akatupa la pili, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Navoneiwa alidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi kweli yalikuwa yanamtoka.

"Miwa! Afadhali miwa, mwanangu. Mimi tangu asubuhi nimebeba jiwe tumboni. Nilishuku utamu, ila niliogopa kisije kuwa kirusi, kile kinachowala wenyewe wa chunguni. Kile kikiingia, hata chungu unavunja, hata udongo wa jikoni unachimba na kuutupa. Afadhali miwa mara mia."

"Hukasiriki?"

"Nitakasirika baadaye, nikipata nafasi. Chungu kilinuka harusi, na wewe ndiye pekee hapa mwenye bibi wa kupika dengelua. Nilikuwa nangoja ufike mwenyewe." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Ila kosa ni langu pia. Nilikufundisha kulisha, sikukufundisha kwa nini."

Akachukua maharage machache, akayaweka kwenye kiganja cha mkwewe.

"Huyu wetu hajui sukari. Sukari ili iliwe lazima kwanza ikatwe, na mkasi wa kuikata yeye hakuzaliwa nao. Chakula chake ni hiki, na samaki, na nyama ya kiluwiluwi: vile vinavyojenga mwili. Akila hivyo ndipo anatoa ile harufu ya mbuzi, na kitambaa kinakwenda kijani. Waliomfundisha kazi zamani walikuta ana upungufu huo, wakasema vizuri, hiyo ndiyo iwe kamba yake. Dunia imejaa utamu, kwenye majani, kwenye matunda, na yeye hauwezi. Tusipomlisha, haongezeki. Sasa wewe ukamwagia miwa. Ukawaalika wenye mikasi: chachu, na wale wanaogandisha maziwa. Wakala, wakanywa, wakajaza nyumba siki. Mwenye nyumba akafa njaa mbele ya keki."

"Lakini ulisema akikosa chakula anajifunga kwenye ganda. Anakuwa spora, analala hata miaka ishirini."

"Kujifunga ni kazi. Ni kama safari: ukunje shuka, ufunge mzigo, uweke na kisu. Kile kijiwe cha sumu kinachomuua kiluwiluwi anakitengeneza wakati huohuo wa kufunga mzigo. Aliyemwagiwa siki ghafla, atafunga saa ngapi?"

Kila mmoja alikuwa anafikiria kibuyu. Kwa kawaida kila mlezi ana kibuyu cha akiba, cha unga mkavu wa hao waliolala. Lakini desturi ya Mferejini ilisema mlezi anayetoka hukimwaga chote kwenye chungu cha anayeingia, asibakize hata chembe, ili chungu kisiwe na wake wenza. Nakijwa alikimwaga mbele ya kijiji kizima, kwa vigelegele, akakipiga kibuyu kitako ili watu wasikie kwamba ni kitupu.

"Kwa hiyo hakuna aliyelala popote," alisema Navoneiwa.

"Popote."

Hapo ndipo karai likamrudia. Lilimrudia polepole, kama jina la mtu uliyekutana naye zamani.

"Mama, kwa nini karai la kuku halina viluwiluwi?"

Nakijwa aliacha maharage.

"Mtungi unao, ndoo inayo," Navoneiwa aliendelea. "Karai liko wazi usiku na mchana, maji yake nabadilisha ninapokumbuka tu. Halina hata mmoja. Ule ukuta unamomonyokea ndani yake."

"Ukuta," alisema Nakijwa, na akainuka kwa kushika meza. "Jamani. Marehemu mama mkwe wangu alikuwa hatupi machicha ya chungu. Aliyachanganya na udongo na majivu, akakandika jiko. Alisema jiko linakula masalia. Nami nilikandika hivyohivyo, mpaka tulipojenga hili la matofali. Miaka kumi na mmoja sijaligusa."

*

Walikwangua ukuta kwa kijiko cha bati, kuku wakiwalalamikia. Udongo ulitoka kwa magamba, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka mwaka mmoja wa mtu aliyekwisha kuzaliwa au kuzikwa. Waliuloweka kwenye sufuria, wakaubandika motoni.

"Usichemke," Nakijwa alionya. "Uwe moto wa kuunguza ulimi, usiwe wa kutokota. Kaa nao muda wa kuchambua kilo ya mchele. Hapo chachu wanakufa, wa maziwa wanakufa, kila aliye macho anakufa. Aliyelala kwenye ganda hafi. Joto hilo kwake ni mtu anagonga mlango."

"Na wengine waliolala? Udongo si una wengi?"

"Wapo. Ndiyo maana hatuulizi kitambaa. Tunawauliza mbu."

Walipoza yale maji, wakachuja, wakayatia supu ya vichwa vya perege, kijiko kimoja, chumvi hata punje hapana. Kisha wakachota viluwiluwi thelathini kutoka kwenye mtungi, Navoneiwa akihesabu kwa sauti, wakawatia kwenye bakuli jeupe. Ilikuwa Jumatatu, jua linashuka nyuma ya milima.

Jumanne viluwiluwi walicheza siku nzima. Navoneiwa alikwenda kuwatazama mara ishirini. Mara ya ishirini na moja Nakijwa akamwambia, "Ukizidi kuwakodolea watazaliwa na aibu," akampa vitunguu amenye.

*

Jumatano saa sita kasoro robo, bajaji ilikuwa uani. Bakuli lilikuwa mezani, silinda kando yake. Watatu waliinama.

Viluwiluwi walikuwa hai. Walipanda juu kuvuta hewa, wakashuka. Walipanda pole. Mmoja alisimama njiani kama mzee kwenye ngazi, kisha akaendelea.

"Wamechoka," alisema Navoneiwa.

"Kuchoka si kufa, dada," alisema Mrindoko kwa upole. "Nami nimechoka, niko hapa."

Akabonyeza silinda. Juu yake duara dogo likawaka, saizi ya kidole gumba, rangi ya maziwa. Navoneiwa alilitazama. Aliona uso wa Nambike siku ile, midomo imekauka, akiomba maji ambayo hayakumsaidia. Mtoto alimpiga teke ubavuni. Alimtazama mama mkwe wake, naye Nakijwa akatazama dirishani.

"Usinitazame mimi. Kidole ni chako. Nikikuambia, kitakuwa changu."

Navoneiwa akafikiri kwa sauti. "Nikikosea na bakuli, Jumapili nitajua. Tutateseka mwezi mmoja, pengine vibaya, lakini utarudi na silinda yako. Sivyo?"

"Nitarudi."

"Nikikosea na silinda, nitamwendea nani aniletee tena nyuki?"

Mrindoko aliipangusa silinda vumbi kwa kiganja.

"Na huyo?" aliuliza baadaye, akionyesha tumbo kwa kidevu. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetakiwa kuuliza.

"Huyu ndiye atakayekula maboga ya nyuki hao," alisema Navoneiwa. Akakunja mikono, kidole gumba chini ya kwapa, akakaa.

Duara lilizimika lenyewe. Mrindoko akaikumbatia silinda ili aondoke, lakini Nakijwa alikuwa amekwisha kumjazia bakuli la makande, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuondoka akiacha makande yanatoa moshi. Akakaa. Akala taratibu, mpaka kivuli cha mlango kikasogea. Nje kuku mmoja alitangaza yai.

"Mama," alisema Navoneiwa. Alikuwa amevuta bakuli jeupe karibu, tena bila matumaini, kwa mazoea tu ya siku mbili. "Njoo unihesabie. Mimi sijiamini."

Nakijwa akainama, akahesabu kwa ncha ya kijiti cha ufagio. Walikuwa wanaelea wamenyooka, weupe, hawajipindi tena. Ishirini na saba. Alipomaliza kuhesabu, ishirini na nane. Wawili waliobaki walikuwa chini kabisa, wanatikisa mikia kama wanaoaga.

Navoneiwa alilaza kichwa mezani, juu ya mikono, na pumzi ikamtoka ndefu, ikaendelea kutoka, kama iliyokaa humo tangu matanga ya dada yake. Nakijwa alimpapasa mgongo.

Mrindoko aliweka kijiko chini. Alivua kofia.

"Mama yangu ana mizinga sita ya nyuki kule Usangi," alisema. "Silinda hizi nimezipeleka vijiji kumi na moja. Hii ndiyo ya kwanza narudi nayo." Akacheka kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, kisha akaomba kuongezewa makande.

*

Wale wafu hawakutupwa. Kila mmoja alikuwa chungu kidogo: waliokuwa tumboni mwake walikuwa wametoka kwenye ganda, wanaila nyama yake, wanazaana, na nyama ikiisha watajifunga tena, kila mmoja na kisu chake. Waliwamimina wote ishirini na wanane, na wale wawili walipokata tamaa, kwenye chungu kipya cha supu ya perege. Walikifunika kwa blanketi la Navoneiwa kwa sababu ya baridi. Miwa yote iliyobaki ilihamishiwa chumbani, chini ya kitanda.

Ijumaa asubuhi chungu kilinuka mbuzi hata majirani wakafunga madirisha, wakicheka. Kitambaa cha choya kilitoka kijani.

Jumamosi kijiji kilipanga foleni na ndoo, wakamwaga kwenye milango ya maji ile supu iliyokomaa, inayoua ndani ya usiku mmoja, mfereji kwa mfereji. Jumapili Navoneiwa alikaa barazani, miguu wazi, akingoja sikio lake lisikie ule mlio mwembamba. Walitoka wachache, wale wa mapema, akawaua kwa kofi. Jumatatu hawakutoka. Jumanne jicho la mfereji lilituma hesabu yake: sifuri.

Siku hiyo walikausha machicha ya kwanza. Nakijwa alileta vibuyu viwili.

"Na desturi?" aliuliza Navoneiwa. "Chungu kitakuwa na wake wenza."

"Na kiwe nao. Bora ugomvi kuliko ukiwa. Desturi ile naijua ilikotoka, mwanangu: kuna bibi mmoja alitaka apigiwe vigelegele." Akajaza kibuyu chake, akakiziba kwa gunzi. "Nami nilivipenda, sitaki kusema uongo."

Masalia hawakuyatupa. Waliyakanda na udongo na majivu, na Navoneiwa akakandika ukuta wa jiko jipya, juu ya matofali yale yaliyonyooka ambayo mumewe alijivunia sana. Mumewe alikuja kutoka kazini kwenye mtambo wa mpunga, akatazama, akafungua mdomo, akamwona mama yake, akaufunga.

Tabaka lilipokamilika, Navoneiwa alibonyeza kidole gumba kwenye udongo mbichi, aone kama umeshika. Ulishika. Alama ilibaki pale, na mistari yake yote.

"Acha ukauke," Nakijwa alimwita kutoka barazani. Alikuwa ametoa muwa chini ya kitanda, anaumenya kwa meno aliyobakiwa nayo, na pingili ya pili alikuwa ameiweka juu ya kinu. "Njoo utafune. Huu ni wako. Chungu kimeshakataa."